Santuri mbili za Ofra Haza: tafuta ile yenye debe

Nimenunua santuri mbili za Ofra Haza, mwimbaji wa Israeli mwenye asili ya Yemen, hapa Köln, Ujerumani, moja kwa euro 3 na ya pili kwa euro 24. Ya euro 3 ni Shaday ya mwaka 1988, ambayo Wajerumani wa rika langu wote wanaijua. Maduka ya mitumba yamejaa nakala zake. Ya euro 24 ni Yemenite Songs, iliyotoka Israeli mwaka 1984. Hiyo ilibidi nimwombe mwenye duka aniwekee akiipata, nikangoja tangu Ramadhani mpaka Idi ya Mfungo Tatu ikapita. Nimekuwa nikizisikiliza zote mbili jioni nikitoka zamu. Kama mfuko wako unaruhusu moja tu, usidanganyike na bei. Tafuta hiyo ya pili, hata kama utaingoja.

Ili nieleze sababu inabidi nianze na nyanya yangu mzaa baba. Alizaliwa Mukalla, pwani ya Yemen, akaletwa Mombasa kwa jahazi akingali mdogo, akaishi Mji wa Kale mpaka tulipomzika. Alikuwa akiimba anapochagua mchele. Hakuwa na ngoma wala tari. Alikuwa na sinia la shaba mapajani, na kidole chenye pete ya fedha, akigonga ukingo: pigo moja la pete, mapigo mawili ya nyama ya kidole. Sauti mbili kutoka mkono mmoja. Sikuwahi kuisikia tena tangu mwaka aliofariki, na sikutarajia kuisikia ghorofa ya tatu Köln, dirisha likiwa wazi na tramu ikipita chini.

Imo katika santuri hii. Pigo la chini ni bati, debe tupu, na juu yake shaba. Wayahudi wa Yemen, kwa desturi yao ya kuomboleza Hekalu lililobomolewa Yerusalemu, waliziepuka ala za muziki. Wakabaki na vilivyokuwamo ndani ya nyumba: debe la mafuta na sinia la chakula. Sisi watu wa pwani tuna upatu wetu wa kugonga harusini, kwa hiyo hatuhitaji kuelezwa kwamba chombo cha jikoni kinaweza kubeba shughuli usiku kucha. Mpangaji wa muziki, Benny Nagari, amezungushia nyuzi na zumari za kizungu, lakini ameacha bati na shaba vikae mbele. Uamuzi huo ndio unaoifanya santuri hii.

Ofra alizaliwa Novemba 1957 katika mtaa wa Hatikva, kusini mwa Tel Aviv, mtaa wa watu wa kipato kidogo, kitinda mimba katika familia kubwa iliyotoka Yemen. Mama yake, Shoshana, alikuwa mwimbaji wa harusini. Wengi wanamjua Ofra kama mwimbaji na hawajui kwamba alianzia jukwaa la maigizo. Akiwa na miaka 12 au 13 aliingia kikundi cha tamthilia cha mtaani kwao, kilichoanzishwa na Bezalel Aloni, ambaye baadaye alikuwa meneja wake kwa miaka mingi. Pale alifundishwa kusimama mbele ya watu na kuwa mtu mwingine. Mwaka 1979 alicheza katika filamu ya vichekesho iitwayo Shlager, na humo akaimba wimbo wa msichana wa mjini anayewaza nguo, dansi na kujirembesha tu. Binti wa nyumba ya dini, mpole, mwenye haya, akaimba maneno ya msichana asiyefanana naye hata kidogo, na nchi nzima ikamwamini.

Hilo nalisisitiza kwa sababu nalisikia katika Yemenite Songs kila ninapoiweka. Kuna waimbaji wenye sauti nzuri ambao katika nyimbo kumi ni mtu mmoja yule yule. Ofra si hivyo. Sikiliza Im Nin'alu, wimbo wa kwanza upande A. Anaanza peke yake, bila pigo, sauti imenyooka kama anayesoma dua. Maneno ni ya Shalom Shabazi, mshairi wa karne ya 17 ambaye kaburi lake liko Ta'izz, Yemen: hata milango ya wakarimu ikifungwa, ya mbinguni haifungwi. Hapo Ofra ni mzee anayeswali. Pigo likiingia, koo linalegea, tabasamu linasikika, na sasa ni msichana kwenye ua wa harusi. Hakuongeza sauti wala hakupandisha ufunguo. Amebadilisha umri. Hiyo ni kazi ya mwigizaji.

Na kuna jambo lingine ambalo msikilizaji wa pwani atalishika upesi kuliko Mzungu yeyote. Katika desturi ya Yemen wanaume walikuwa na nyimbo zao, mashairi ya diwani kwa Kiebrania na Kiaramu, mara nyingine na Kiarabu ndani yake, yakiimbwa karamuni. Wanawake walikuwa na zao kwa Kiarabu, juu ya mapenzi, mume, safari, mama mkwe. Vyumba viwili, kama harusi zetu. Santuri hii inapita vyumba vyote viwili. Mwanamke mmoja, mwenye miaka 26, anaimba mashairi ya wanaume wazee wa dini kisha anageuka na kuimba ya upande wa pazia. Sijui msanii mwingine aliyefanya hivyo bila kelele na bila kujieleza, akaimba tu.

Kisha kuna Galbi, wimbo wa Aharon Amram, na hapo nawaomba msiharakishe. Galbi ni "moyo wangu". Washairi wetu wanaandika kalbi, nyanya yangu alitamka kwa g, na Ofra anatamka kwa g vile vile, ile g ya kooni ya San'a na Hadhramaut. Wimbo wenyewe ni malalamiko ya mpenzi, lakini Ofra halalamiki. Anasimulia kama mtu aliyekwisha kulia jana na leo anapika. Debe linakwenda mbio, sauti yake haikimbii nalo. Mwanya huo kati ya mwendo wa debe na utulivu wa mwimbaji ndio unaonifanya nirudishe sindano mwanzo.

A'salk nayo, upande A, ni "nakuuliza", na anayejua kusaili ni nini hatapotea njia. Lefelach Harimon ina komamanga, Se'i Yona ina njiwa, Ayelet Chen ina paa mwenye uzuri. Tunda, ndege na mnyama hao wote tayari wanakaa katika mashairi yetu. Tzur Menati ndiyo pekee ninayoiona dhaifu: nyuzi zimejazwa mno, sauti inafunikwa, kama mtu aliyevishwa koti wakati wa joto.

Sasa Shaday. Sitaki kuidharau, kwa sababu bila mlango huo dunia isingemjua. Santuri ya nyimbo za Yemen ilitolewa London mwaka 1985 na kampuni ya Globestyle. Mwaka 1987 vijana wawili wa huko waitwao Coldcut wakakata kipande cha mwanzo wa Im Nin'alu wakakipachika katika wimbo wa kufoka wa Eric B. & Rakim wa New York. Sauti ya binti wa Hatikva ikaingia disko za Ulaya kabla jina lake halijafika. Mwaka uliofuata Izhar Ashdot, mwanamuziki wa Israeli, akaurekodi upya Im Nin'alu kwa ngoma za mashine, na ukakaa namba moja Ujerumani Magharibi kwa wiki tisa. Mwenzangu kazini, aliyekuwa na miaka 16 wakati huo, alisimama katikati ya kutandika kitanda cha mgonjwa nilipoupiga kwenye simu. Alikumbuka rangi ya sketi aliyovaa. Hakuwa amewahi kujua kwamba maneno ni dua ya miaka mia tatu na zaidi.

Kwa hiyo Shaday ilifanya kazi yake. Lakini ukiziweka bega kwa bega utasikia kilichopotea. Galbi imo katika zote mbili. Ile ya 1988 ina ngoma ya mashine inayopiga sawasawa kama saa ya ukutani, na Ofra amelazimika kuimba ndani ya saa hiyo. Ule mwanya niliousema umezibwa. Nyimbo za Kiingereza zimo pia, na nazisikia kama kazi ya watu waliotaka afanane na wengine redioni. Sauti ni yake, chumba si chake. Kinachoikomboa santuri ni Love Song, ambao hauna ala hata moja. Maneno yametoka Wimbo Ulio Bora, nitie moyoni mwako kama muhuri. Ni yeye na pumzi yake. Usikilize taa zikiwa zimezimwa. Kwa wimbo huo peke yake euro 3 zangu zimerudi.

Safari yake ya ng'ambo ilianza kabla ya haya. Aprili 1983 aliiwakilisha Israeli katika Eurovision, Munich, mji ule ule ambamo wanamichezo wa Israeli waliuawa wakati wa Olimpiki za 1972. Wimbo wake uliitwa Chai, inayotamkwa kwa h ya kooni, si chai ya kunywa, na neno hilo halitaki tafsiri kwetu, ni hai. Alikuwa wa pili. Baadaye, mwaka 1992, alitoa Kirya, iliyotayarishwa na Don Was wa Marekani, na humo Iggy Pop, mwimbaji wa roki, anatia sauti. Nimeisikiliza mara mbili tu, kwa hiyo siipimi hapa.

Filamu iliyomfikisha kwa watoto wa dunia ni ile ya katuni ya mwaka 1998 juu ya Nabii Musa, The Prince of Egypt. Yeye ni mama yake Musa, Yokebedi. Muda wake ni dakika chache tu: anamweka mtoto ndani ya kikapu, anamwimbia, anamwachilia mtoni. Wachoraji walipomwona walichora sura ya mama huyo ifanane na yake. Na filamu ilipotafsiriwa hakuachia wengine. Aliimba mwenyewe katika lugha zaidi ya kumi na tano. Wanangu waliitazama kwa Kijerumani wakiwa wadogo, mimi nikiwa jikoni, na niliacha sufuria nikaja kusimama mlangoni. Sikujua ni nani. Nilijua tu kwamba anayeimba amewahi kumsikia mama akibembeleza mtoto kwa Kiarabu cha kwetu, ingawa maneno yalikuwa Kijerumani. Ilinichukua miaka mingi kufunga uzi huo na santuri hizi.

Alifariki tarehe 23 Februari 2000, akiwa na miaka 42. Hata sasa nikiitazama picha ya jalada nahesabu: mimi nimempita miaka kumi na moja.

Jambo moja lisemwe waziwazi, maana najua wasomaji wangu. Kaka yangu wa Mombasa aliposikia mwimbaji ni wa Israeli alinyamaza kwenye simu, na sikumlaumu. Kila mtu ana yanayomuuma. Wiki iliyofuata nilimpigia nikaacha Galbi ikilia nyuma yangu bila kusema kitu. Akaniuliza huyo ni mwimbaji gani wa San'a. Nikamwambia. Akakaa kidogo, akasema niirudishe. Tuliisikiliza hadi mwisho, hakuna aliyezungumza, kisha akaniuliza kama nakumbuka sinia la nyanya limebaki kwa nani.

Kwa anayetaka kununua: ukikuta jalada limeandikwa Fifty Gates of Wisdom, usidhani ni kitu kingine. Ni nyimbo zile zile kama zilivyouzwa Marekani na kampuni ya Shanachie, na kwa kawaida hupatikana kwenye sidii kwa bei ya chini. Ukinunua santuri, iangalie kwanza mianzo ya pande zote mbili chini ya taa. Watu wengi waliinunua kwa ajili ya Im Nin'alu peke yake, wakachakaza pale mwanzoni na kuacha zilizobaki kama mpya. Yangu ina mkwaruzo katika aya ya kwanza ya dua, tik, tik, tik, mpaka debe linapoingia na kuumeza. Mwenye duka alinipunguzia euro 4 kwa sababu hiyo.

Shaday nimempa yule mwenzangu wa kazini. Alipoipokea aliishika kwa mikono miwili. Yemenite Songs iko nyumbani, na binti yangu mdogo amekwisha kujua kugonga ukingo wa sinia, ninamtafutia pete.