Hali za mizigo kwenye duka langu la mtandaoni: nilizobakiza na nilizotupa

Nauza vipuri vya cherehani kutoka Kisumu: sindano, bobini, mikanda, mota, visu vya ovaloki. Wanunuzi wangu wengi ni mafundi wa Siaya, Busia, Bungoma, Kakamega na Kericho. Fundi ambaye mashine imemzimikia wiki ya kufungua shule hana muda wa kubishania bei. Swali lake ni moja tu: "Dada, mzigo umefika wapi?" Duka langu liko kwenye WooCommerce, programu ya kuendesha duka la mtandaoni, na juu yake nimeweka programu-jalizi (nyongeza) ya kulipia inayoongeza hali za usafirishaji, yaani maneno ya kuonyesha mzigo umefikia wapi, na nambari ya kuufuatilia. Nimepita nayo misimu ya shule na ya Krismasi. Inafaa, ila ilibidi kwanza ning'oe karibu nusu ya iliyokuja nayo.

WooCommerce yenyewe, bila nyongeza, kwa msingi hufuatilia pesa kuliko mzigo. Oda huwa inasubiri malipo, imeshikiliwa, inashughulikiwa, imekamilika, imeghairiwa, imerudishiwa pesa au imeshindikana. Katika hizo hamna inayosema mzigo uko barabarani. Ndiyo sababu wauzaji hubonyeza "imekamilika" wakitoka tu kwenye dirisha la kurieri, na mteja akapata barua pepe kwamba oda yake imekwisha, ilhali mkanda alioagiza uko kwenye buti ya basi na hata Kisian, hapo nje ya Kisumu, haujafika. Fundi wa Bumala akisoma hivyo atapiga simu, na ana haki.

Programu-jalizi ilileta orodha ndefu: lebo imechapishwa, imechukuliwa kwa muuzaji, iko safarini, inaletwa mlangoni leo, jaribio la kuwasilisha limeshindikana, imewasilishwa. Hizo zinafaa mji ambao kila nyumba ina nambari na mtu wa mizigo anabisha hodi. Wateja wangu huandika anwani hivi: "Shukia Luanda, vuka barabara, uliza fundi wa sare." Hakuna mlango wa kupelekewa kitu. Mzigo unaishia ofisi ya kurieri ya mji wa karibu na mwenyewe anaufuata. Kwa hiyo "inaletwa mlangoni" niliifuta siku ileile. Nimebaki na imepakiwa, iko kwa kurieri, imefika ofisi, na imechukuliwa.

Hiyo ya tatu, "imefika ofisi", ndiyo inayonifanya niendelee kulipa. Mzigo ukifika Busia, nabadilisha hali na mteja anapata ujumbe wenye jina la ofisi, iko mkabala na nini, nambari ya risiti, saa ya kufunga, na neno la kumkumbusha abebe kitambulisho. Kabla ya hapo watu walikuwa wakipanda boda kutoka vijijini kwa kubahatisha, wanafika dirishani wanaambiwa gari bado. Nauli hiyo fundi huihesabu kwenye bei ya kitu changu hata kama mimi siihesabu. Nina pia wateja Wasabato, ambao Jumamosi hawachukui mzigo hata ukiwa umefika, kwa hiyo wao nawatumia mapema ili ufike Alhamisi. Hilo hakuna programu itakayokupangia.

Ukitaka kutengeneza hali zako, jua kwamba jina la ndani la hali lina nafasi ya herufi 20 tu kwenye hifadhidata, na WooCommerce hutanguliza "wc-", ambazo tayari ni 3. Unabaki na 17. "imefika-ofisi" inatosha, "imefika-ofisi-busia" haitoshi. Ni afadhali hivyo, maana ukianza kuweka mji ndani ya hali utajikuta na hali ya kila steji kutoka Kondele hadi Malaba. Mji uandike kwenye maelezo ya oda.

Penye hakuna ofisi, mzigo huenda na matatu, na hapo nambari ya kufuatilia ni ya gari lenyewe. Kwenye kile kisanduku cha nambari naandika namba ya gari, saa lilipoondoka na steji litakaposimama. Simu ya dereva naiweka akikubali tu. Namba ya mtu si ya kusambaza ovyo, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Programu-jalizi haikutengenezwa kwa kazi hii, lakini kisanduku kinakubali maandishi yoyote, na mafundi wanakielewa kuliko zile tarakimu ndefu za kurieri.

Ujumbe wenyewe utume kwa SMS. Barua pepe za duka langu hufunguliwa na walimu na watu wa maofisini, wengine hata nywila hawaikumbuki. Sasa angalia hapa, maana hapa ndipo pesa huvujia. SMS ya kawaida ina herufi 160, lakini ukiingiza alama moja isiyo katika seti ya kawaida ya herufi za SMS, nafasi inashuka hadi 70. Baadhi ya simu zikiandika majina ya mahali kama Ng'iya au Nyang'oma huweka ile alama ya juu iliyopinda, na hiyo haimo kwenye seti. Iliyosimama wima imo. Kwa hiyo ujumbe wa herufi 120 wa kwenda Kakamega unalipiwa SMS moja, na wa urefu huohuo wa kwenda Ng'iya unalipiwa mbili. Nimeweka kanuni ya kubadilisha alama hiyo kabla ujumbe haujatoka. Vikatuni vya kutabasamu pia vinaleta hasara hiyohiyo.

Upande wa kununua, bobini zangu nyingine hutoka China kwa posta. Nambari za kimataifa za posta zina vibambo 13: herufi mbili, tarakimu 9, kisha herufi mbili za nchi ilikotumwa, kama CN. Ikianza na R ni posta ya rejista, ikianza na E ni EMS, huduma ya posta ya haraka. Hali ikisema mzigo umeondoka China, inaweza kukaa kimya muda mrefu, na kimya hicho si lazima kiwe habari mbaya. Hali hubadilika pale mtu anaposkani mzigo, na mzigo ulio hewani au uliorundikwa ukisubiri forodha hauna anayeuskani.

Jambo hilohilo ndilo linalonifanya nisiiamini sana "imewasilishwa" ya hapa nyumbani. Kurieri mmoja ninayemtumia ana tawi ambalo jioni huiandika mizigo yote "imewasilishwa" kwenye mfumo, iliyochukuliwa na iliyobaki rafuni. Programu-jalizi ina swichi ya kufunga oda yenyewe kurieri akisema imewasilishwa, nimeizima. Oda nafunga fundi akinijibu "nimepata". Ni kazi zaidi, lakini siku mteja akidai hajapokea, nina neno lake mwenyewe mbele yangu.

Malipo ya programu-jalizi ni ya mwaka na kwa dola, kwa hiyo shilingi ikiyumba unaihisi. Kama unauza ndani ya Kisumu tu na boda wako ni mmoja unayemjua, usinunue, mpigie tu. Mimi nitalipia tena, ingawa bado haina kikumbusho cha mzigo uliolala ofisini. Hicho nakituma kwa mkono kila asubuhi kabla sijafungua duka, nikianza na Bungoma, maana huko wakikaa sana bila kuchukua wanatozwa ada ya kuhifadhi.