Miezi minane na mfuko wa mabaharia ufuoni Shela

Mimi hupiga picha za harusi na za wageni hapa Lamu, na kazi yangu nyingi iko Shela. Julai ya mwaka jana niliharibikiwa na kamera, na wala haikutumbukia baharini. Tulikuwa botini tukirudi mjini, upepo wa kusi umechacha, wimbi likapasukia ubavuni na rasharasha zikaingia kwenye begi langu la kitambaa. Nyumbani niliifuta, ikawaka, nikashukuru Mungu. Siku ya nne kitufe cha kupigia kikaanza kukwama. Fundi alipoifungua akanionyesha kutu ya kijani ndani. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi takriban gramu 35. Maji yakikauka chumvi hubaki, huvuta unyevu wa hewani, na huendelea kula madini hata kamera ikiwa kabatini.

Ndipo nikanunua mfuko wa mabaharia, wa lita 10, ule wa plastiki nzito ambao mdomo wake hukunjwa kisha ukabanwa kwa klipu. Nililipa shilingi 1,850 Mombasa. Muuzaji aliniambia, "Kaka, huu hata uuzamishe." Sikutaka kuamini kwa maneno. Nilitia ndani pakiti ya unga ya kilo 2 na gazeti kavu, nikaukunja mdomo mara moja tu, nikausukuma ndani ya pipa la maji. Gazeti likatoka limelowa pembeni. Nikarudia kwa mikunjo mitatu iliyobana, nikaacha hewa kidogo ndani. Gazeti lilitoka kavu, na mfuko ulielea pamoja na unga wake. Hilo la kuelea lilinifurahisha kuliko yote, maana kitu kikikuponyoka kwenye mkondo kati ya Lamu na Manda, kisipoelea hukioni tena.

Kwa upande wa maji, basi, mfuko huu sina neno nao. Msimu wote wa kusi uliobaki nimepanda nao mashua na boti, nimemwagiwa maji mara nyingi, na kamera mpya haijapata tone. Masharti yake ni kuufunga kila mara, hata safari ikiwa fupi. Nahodha mmoja mtu mzima, ambaye hunivusha mara kwa mara, aliniona nikiuacha wazi tukikaribia gati. Akaniambia, "Mwanangu, usifungue mpaka mguu ukanyage nchi kavu." Tangu siku hiyo namtii.

Mchanga ndio shida. Ule wa Shela ni laini, na upepo ukiwa mkali huruka chini chini kama moshi. Ukiuweka mfuko chini umefunguka, mchanga huingia na kujikusanya kwenye kitako, na kila unapoitoa kamera huipaka mwenyewe. Sasa siuweki chini, nauvaa begani, na kila jioni naupindua nje ndani na kuusuuza kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi.

Lenzi iliyoingia mchanga msiifute kwa kitambaa, nawasihi. Chembe moja ikiburutwa juu ya kioo huacha mkwaruzo usiotoka. Pulizeni kwanza kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, kwa sababu mate nayo hubaki kwenye kioo. Mimi sibadilishi lenzi ufuoni kabisa. Nachagua moja nikiwa nyumbani, nafunga filta ya kioo mbele yake, na nikikosa picha fulani kwa ajili hiyo naridhika. Filta iliyokwaruzika hubadilishwa. Sensa, yaani kile kibao cha ndani ya kamera kinachonasa picha, ikiingia mchanga ni safari ya kwa fundi.

Kasoro nyingine ni rangi. Nilichukua mweusi, na saa saba mchana juani hata kuushika ni taabu. Joto si rafiki wa betri, kwa hiyo nauweka kivulini chini ya kanga. Pia mfuko usiopitisha maji hauutoi unyevu ulioufungia ndani. Wiki za mwanzo niliikuta lenzi imefanya ukungu. Sasa natia vijaruba vya kukaushia, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na nikifika nyumbani kamera haitalala humo, maana kuvu hupenda giza na unyevu.

Mfuko ulikuja na kipochi cha simu cha plastiki angavu. Sikukitumia sana, picha zake hutoka na ukungu. Ila wenye simu zilizoandikwa IP67, alama ya kuzuia vumbi na maji, wajue kwamba kipimo chake cha maji ni kuzama mita 1 kwa dakika 30 katika maji yasiyo na chumvi. Hakikupimwa kwa bahari.

Baada ya miezi minane mshono wa mkanda umeanza kuachia, nami nimeushona upya kwa uzi wa nailoni, juu ya mkunjo, mahali pasipofika maji. Naupa nyota 4 kati ya 5. Wa pili nitanunua wa njano, lita 20, kabla kusi haijarudi, ili harusi zikinipeleka Manda niweze kubeba na taa.