Ekzosi ya Fujitsubo Legalis R ya mtumba kwenye Toyota Altezza RS200: nimeifunga mwenyewe nyumbani, haya ndo majibu

Naanza na jibu maana najua wengi mtasoma hapa juu tu halafu mkimbie Ilala kuulizia: kama una Altezza RS200 na unataka mlio mzuri bila kugombana na majirani wala kufika safari kichwa kinagonga, tafuta Fujitsubo Legalis R ya mtumba wa Japani, ikague vizuri, ifunge. Nimetembea nayo masika yote na jua lote lililofuata na mpaka leo nikiwasha asubuhi nafurahi. Sasa wenye muda tukae tuongee, kwa sababu kwenye ekzosi za hizi gari vijana wanapigwa pesa kila siku na inaniuma kweli.

Gari yangu ni manyuo, gia 6, injini ni 3S-GE ile wanaoijua wanaiita Blacktop, Yamaha walishiriki kwenye silinda hedi, valvu ni za titaniamu, na ndo injini ya kwanza kabisa ya Toyota kupewa Dual VVT-i (mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu za kuingiza na za kutoa) mwaka 1998. Farasi 210 kwenye RPM 7,600 (mizunguko ya injini kwa dakika), lita 2 tu na hamna tabo (turbo). Hayo nayasema ili uelewe kitu kimoja, hii injini utamu wake uko juu, kuanzia 6,000 kwenda mbele ndo inafunguka, kwa hiyo ekzosi nzuri kwake ni ile inayokuachia uisikie injini yenyewe ikipanda, sio inayopiga makelele toka uko getini mpaka ukifika huko juu huelewi hata unachosikia.

Nilipoinunua ilikuwa imeshatengenezewa ekzosi na aliyekuwa nayo mwanzo. Bomba la inchi 3 kutoka nyuma ya masega (kile kisafisha moshi, catalytic converter) mpaka bampa, mwishoni kopo kubwa la sailensa halina jina, mdomo mpana. Ukiwa nje inasikika kama gari ya mashindano, ukiwa ndani ni mateso, ikifika 2,500 mpaka 3,000, yani spidi ile ile unayotembea Bagamoyo Road usiku barabara ikiwa nyeupe, ndani unaanza mvumo mmoja mzito unakaa masikioni haukatiki, redio huisikii, abiria anaongea unaona midomo tu. Chini huku lile bomba lilikuwa chuma cha kawaida kimepakwa rangi ya fedha, ukikigusa kwenye kona kinabanduka maganda.

Kuoza kwenyewe kuna sababu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita nzima ya maji, yanatoka kama mvuke kwenye ekzosi. Ukienda safari ndefu bomba linapata moto wa kutosha mvuke unatoka wote, ila sisi wa Dar unawasha, unakaa foleni, unafika, unazima, mvuke unapoa mle ndani unageuka maji yanalala kwenye sailensa, ndo maana inaoza kuanzia ndani na ukija kuona tundu nje ujue ndani kulishaisha zamani. Weka na chumvi ya bahari kwa wanaokaa Msasani, Kigamboni na kule Mbezi Beach. Kwa hiyo ukinunua ekzosi huku pwani swali la kwanza liwe ni chuma gani, mlio baadaye.

Na hapo ndo sumaku inapoingia. Nenda na kisumaku kidogo mfukoni, hata kile cha mlango wa friji. Steinlesi ya SUS304, ile yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi, sumaku haishiki, labda kidogo sana pale palipokunjwa. Ile ya 409 nayo ni steinlesi ila kromiamu ni kama asilimia 11 tu, sumaku inashika vizuri na inaota kutu ya juu juu, sio mbaya lakini sio ya kulipia bei ya 304. Chuma cha kawaida kilichong'arishwa kinashika pwaa. Muuzaji mmoja nilivyotoa sumaku akaniambia "bosi hii pure stainless, na inakuongezea farasi 20 hapo hapo ukifunga", sumaku ikaganda, nikamshukuru nikaondoka. Hii Fujitsubo niliipata kwa mtu mwingine anayeleta makontena ya nusu gari, yani magari yaliyokatwa kwa ajili ya spea, sumaku ikateleza kuanzia flenji ya mbele (kile kibati cha kuungia kwa bolti) mpaka kwenye kopo. Laki nne na nusu baada ya kuvutana. Kama inatoka Japani moja kwa moja kwa agizo lako jiandae kwa usafiri, maana ni kitu chepesi lakini kinakula nafasi.

Mtumba sumaku peke yake haitoshi. Piga tochi ya simu kwenye mdomo, kama ni ya kupita moja kwa moja utaona bomba la ndani lenye matundu matundu linaenda mbele mpaka mwanga upande wa pili, angalia kama yale matundu nyuma yake bado kuna pamba ya kioo au ni giza tupu, pamba ikishaungua ikapeperuka sailensa inabaki debe. Gonga kopo kwa ngumi, lililo zima linajibu kwa sauti nzito iliyokufa, lililoisha linalia kengele. Halafu lishike litikise, ukisikia kitu kinacheza ndani achana nalo. Angalia pia kibati cha JASMA, ile jumuiya ya watengeneza mafla za michezo Japani, maana hizi Legalis zimetengenezwa zipite ukaguzi wa kule. Gari ya injini mbele ya umri huu haitakiwi kuzidi desibeli 96, na kipimo chenyewe kinawekwa nusu mita toka mdomo wa ekzosi, kwa nyuzi 45, injini ikiwa kwenye robo tatu ya RPM ya nguvu zake za juu, yani kwa hii RS200 unaizungusha 5,700 gari imesimama. Kwa hiyo ikiwa na kibati ujue kuna mtu alikaa akapima, hakubahatisha.

Kuifunga. Hakuna kuchomelea hata sehemu moja na hiki ndo kitu nimekipenda kuliko vyote, ni bolti na raba tu, flenji zimekaa sawasawa na za kiwandani. Lakini kufungua ya zamani ndo kazi. Usiku wa kuamkia siku ya kazi nyunyizia dawa ya kulainisha kutu kwenye bolti zote, asubuhi rudia, na tumia soketi ya 14 ya pembe sita sio ya pembe kumi na mbili, kwa sababu kichwa cha bolti kilicholiwa na kutu ile ya kumi na mbili inakimaliza kabisa. Kama haiendi usiilazimishe ikakatika, kaza kidogo kwanza ndo ulegeze, kaza legeza kaza legeza, utasikia inalia "kri" halafu inaanza kutembea. Na jamani, jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kulalia chini yake. Weka stendi pande zote mbili, sehemu ngumu yenye zege au peving, gia ikiwa imeingizwa, kabari kwenye tairi za mbele, sukuma gari kwa nguvu kabla hujaingia chini uone kama inacheza. Kama nyumbani kwako ni mchanga peleka gari kwa mwenye shimo, mengine yote haya yanaweza kusubiri.

Raba za kuning'iniza zinatolewa kwa maji ya sabuni, usipake oili, oili inavimbisha raba na baada ya muda zinachanika. Zangu zilikuwa zimekakamaa nikaweka mpya zote, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ekzosi kuanguka kwenye Daraja la Tanzanite. Gasketi pia mpya, na pale kwenye maungio yenye springi kuna ile gasketi ya duara nene kama donati, usiirudishe ya zamani hata kama machoni inaonekana nzima. Mdogo wangu alikuwa amebeba kopo huku nyuma, mimi naingiza bolti mbele, na kanuni ni kwamba hamkazi hata moja mpaka zote zimeingia, mnaacha zinacheza, mnanyoosha mdomo ukae katikati ya nafasi ya bampa, ndo mnaanza kukaza kutoka mbele kuja nyuma. Ukikaza mapema bomba litakaa upande na litakuwa linagonga chini ya gari kila tuta.

Kupima kama inavuja: washa injini ikiwa baridi, uko nje ya nyumba sio ndani ya gereji imefungwa kwa sababu huo moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua, halafu mwenzako azibe mdomo kwa kitambaa kinene sekunde chache tu. Wewe sikiliza kwenye maungio, ukisikia "sss" kuna sehemu haijakaa. Maji ya sabuni yatakuonyesha mapovu ni wapi hasa.

Mlio sasa. Ikiwa imesimama inanguruma chini chini, ukipita karibu ndo unajua hii sio ya kawaida. Mpaka 3,000 imetulia, ule mvumo umeisha, safari ya kwanza ya Bagamoyo mama Junior alipigiwa simu na dada yake akaongea mpaka wakamalizana, alivyokata akaniambia "Baba Junior, leo gari imekuwa gari." Ila ukivuka 5,000 mguu uko chini, hapo ndo utajua kwa nini watu wanahangaika kutafuta hizi injini, mlio unabadilika unakuwa mkavu, unapanda umenyooka mpaka kwenye mstari mwekundu, na husikii ekzosi tena, unasikia injini. Mzee wa nyumba ya pili ambaye kila nikimpa shikamoo asubuhi alikuwa ananikumbusha mambo ya kelele siku hizi anaitikia marahaba tunaendelea na mambo ya mpira.

Nguvu? Nisikudanganye. Kwa injini isiyo na tabo ukibadilisha kuanzia nyuma ya masega peke yake usitegemee makubwa, anayekuahidi farasi 20 anakuuzia maneno. Nilichokiona mimi ni gari kurudisha uhai wa chini, ukiachia klachi inavuta kuliko ilivyokuwa na lile bomba la inchi 3, na maelezo yake ni rahisi: moshi ukiingia kwenye bomba pana kuliko mahitaji unapunguza kasi na kupoa, na injini ndogo inapenda moshi utoke mbio. Kuna watu wanasema injini inahitaji kubanwa kidogo ndo ivute, hapana, haihitaji kubanwa, inahitaji kasi. Hii ya kwangu nimeipima ni kama milimita 60 na inatosha kabisa kwa lita 2. Inchi 3 waachie wenye tabo. Wese halijabadilika.

Na masega naomba muyaache. Najua mafundi wanayataka kwa sababu mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu na kuna watu wanayanunua, ndo maana fundi anakwambia "yanabana gari, tuyatoe" halafu yeye anaondoka nayo. Kama yameziba kweli, ambayo inatokea kwa gari iliyokula oili muda mrefu, pima kwanza, na ukishahakikisha yameisha tafuta mengine. Ukiyatoa gari inanuka, macho yanawasha ukiwa foleni, na ule mlio mkavu niliousema unageuka kelele ya kupasuka pasuka. Ile sensa ya oksijeni ya mbele nayo ikae na maungio yasiyovuja, hewa ikiingia pale inadanganya kompyuta kwamba mchanganyiko ni mwepesi, kompyuta inaongeza mafuta, unaanza kulalamika Altezza inakula wakati ni gasketi.

Kasoro zipo. Kopo ni kubwa na linaning'inia chini kuliko la kiwandani, mimi gari yangu iko kwenye springi za kawaida na bado kwenye matuta ya mtaani Goba naingia kwa pembe, walioshusha gari hii itawasumbua sana, bora watafute yenye kopo dogo. Mdomo unapata joto, mtoto akipita nyuma ukiwa ndo umezima mwite. Na baridi ya asubuhi inatoa matone ya maji meusi yanachafua peving, hilo ni lile lile la maji ya petroli halina tatizo, ila mwenye uwanja mweupe ajue.

Wenye AS200 ya 1G-FE, ile ya silinda 6, msinunue hii kwa maelezo yangu. Chukua kipimo cha flenji yako, urefu wa bomba na sehemu za raba, nenda navyo dukani, lingana navyo ndo ulipe. Mlio wa silinda 6 wenyewe ni laini sana na ungestahili maelezo yake peke yake.