Mafunzo ya mawasiliano kazini kwa vyama vya korosho, Mtwara

Kilicho bora katika mafunzo haya ya siku moja, kuhusu mawasiliano kati ya wanawake na wanaume, kwa makarani na viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) ni zoezi la ghalani. Karani wa kike anasema, "Mnaonaje tukianika tena?" Mtunza ghala anasikia swali tu, si onyo, anapokea magunia, korosho zinaota ukungu na daraja la ubora linashuka. Zoezi linafundisha kutaja tatizo, sababu, kisha ombi: "Korosho hizi hazijakauka. Zitaota ukungu. Zirudishwe juani." Anayesikiliza naye arudie alichoelewa kabla ya kujibu. Hatua hiyo wengi huiruka, nasi tunaona ndiyo yenye faida kubwa.

Kupeana zamu ya dakika mbili bila kukatizana ni kuzuri, mradi katibu aandike nani alitoa wazo. Bila hivyo, wazo la mama hupita kimya, kisha mzee fulani hulirudia likapigiwa makofi.

Kasoro ya mafunzo ni kulaumu jinsia pale ambapo cheo ndicho kinachofunga mdomo. Kibarua wa kiume naye humwogopa mwenyekiti. Wala mkufunzi hakugusa maamuzi yanayofikiwa jioni kwenye kahawa, akina mama wakiwa wamesharudi nyumbani. Chama kinachoyataka mafunzo haya kiyapange Septemba, kabla mizani ya kupimia korosho haijaanza kazi.