WhatsApp Business kwenye duka la khanga na vitenge: uzoefu wangu

Kama unapakua WhatsApp Business ukitegemea ikuletee wateja, usijichoshe. Haileti wateja. Inachofanya, na inakifanya vizuri, ni kukusaidia usiwapoteze ulionao. Nauza khanga na vitenge Kariakoo, jumla na rejareja, na programu hii naitumia kila siku iendayo kwa Mungu, kwa hiyo naandika kama mtu wa dukani, si kama mtaalamu wa kompyuta.

Nianze na tulikotoka, maana wanaofungua biashara leo wanadhani mambo yalikuwa hivi siku zote. Kabla ya simu za picha, mteja wa mkoani alikuelezea kitambaa kwa mdomo. "Nataka ile ya korosho kubwa, pindo jeusi, mji mwekundu, lakini siyo damu ya mzee, ule mwekundu uliopauka kidogo." Alibipu kwanza, ukampigia wewe, na vocha ikakata kabla hajafika kwenye jina la khanga. Hela ilikuja kwenye bahasha kwa mkono wa kondakta wa basi, au ilisubiri mpaka shemeji yake asafiri. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, hela ikapata njia yake. Kitambaa kikaendelea kuelezwa kwa mdomo, na mzigo ukifika siyo wenyewe, lawama zote zako.

Picha ndiyo iliyomaliza hilo. WhatsApp yenyewe ni ya mwaka 2009, Facebook wakainunua mwaka 2014, na toleo hili la biashara lilianza kutolewa Januari 2018. Katalogi, yaani ukurasa wa kupanga bidhaa zako humo ndani, iliongezwa mwishoni mwa mwaka 2019. Kulitumia ni bure. Utalipia bando, utahitaji simu yenye kamera ya maana, na utalipa kwa muda wako. Huo muda ndio ghali.

Kilichonihamisha kutoka WhatsApp ya kawaida ni lebo. Kila mteja unambandika lebo yenye rangi yake. Zinazokuja na programu nilizifuta nikaandika zangu: Hajalipa. Kalipa. Mzigo uko kwenye basi. Kapokea. Anadaiwa. Hiyo ya mwisho ndiyo mama yao. Asubuhi nikishakaa nabonyeza "Mzigo uko kwenye basi", najua nani wa kumuulizia kama kapokea. Jioni nabonyeza "Anadaiwa", najua nani wa kumsalimia kwa upole. Daftari la madeni bado ninalo na sitaliacha, ila daftari halitunzi maneno mliyoambiana. Mtu akisema "si tulikubaliana nimalizie mwezi ujao?", unapandisha mazungumzo juu, mnasoma wote wawili, yanaisha bila kelele.

Kingine ni majibu ya haraka. Naandika alama ya / na neno "basi", yanatoka maelezo yote: mzigo unapakiwa Kituo cha Magufuli, Mbezi, nauli ya mzigo analipa mteja, na akituma hela atume na ya kutolea. Zamani niliyaandika hayo kwa kidole mpaka kucha inauma. Sasa ni sekunde. Sandarusi ikishafungwa naandika jina na namba kwa kalamu nene, napiga picha mzigo, napiga picha risiti ya wakala, napiga picha namba ya gari, zote tatu zinakwenda kwa mteja. Basi likichelewa Nyanda za Juu huko, ananiuliza gari limefika wapi. Haniulizi tena kama kweli nilituma.

Sasa kwenye salamu nina ugomvi kidogo. Programu inakuruhusu kuandika ujumbe wa kukaribisha unaojituma wenyewe kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza, au ambaye hamjaandikiana kwa siku 14. Kwa aliyeutengeneza, wiki mbili ni muda mrefu. Kwa mteja wangu wa Tandahimba, anayenunua kwa wingi msimu wa korosho kisha akakaa kimya hadi mvua, wiki mbili si kitu. Mama huyo ana umri wa kunizaa. Ameshika simu anaandika "hujambo mwanangu", anajibiwa papo hapo: "Karibu dukani kwetu! Tukuhudumie nini?" Alinipigia. "Mwanangu, leo hata shikamoo umeninyima? Mimi ni mgeni hapo?" Ungemwambiaje kwamba hilo limejibiwa na mashine? Ujumbe wa kukaribisha niliuzima siku hiyohiyo. Programu haiwezi kujua nani apewe shikamoo, nani mambo, nani assalamu alaykum, na kwetu mauzo yanaanzia hapo. Nimeuacha ule wa kufunga duka tu, unaosema tutajibu saa tatu asubuhi, na hata huo nimeuanza na "samahani".

Mama huyo, kwa taarifa yenu, haandiki sana. Anatuma sauti. Sauti zilikuwepo tangu 2013, lakini naona watu wanazichukulia kama mchezo wa vijana, na kwangu zimekuwa mlango wa wateja ambao kuandika kunawachosha. Anasema dakika tatu: salamu, habari za bei ya korosho, mjukuu aliyeingia kidato cha kwanza, na katikati humo, "halafu niwekee doti ishirini, kumi za majina ya mama, kumi za majina ya mapenzi, usinichanganyie." Mnunuzi mwingine yuko Lubumbashi, naye ni wa sauti. Kiswahili chake kina Kifaransa ndani yake na vitenge anaviita bikwembe, ila idadi na rangi tunaelewana bila shida. Nasikiliza kwa kasi ya moja na nusu huku napima. Ombi langu kwa wauzaji wenzangu: ukishasikiliza, mwandikie mteja oda yake kwa maandishi aithibitishe. Sauti haina namna ya kuipitia haraka mkianza kubishana.

Katalogi ndiyo inayotangazwa sana, na ndiyo iliyonipa mawazo mengi. Unaweka bidhaa mpaka 500, kila moja na picha zake, bei na maelezo. Kwa khanga niliamua kila bidhaa niiite kwa jina lake lililoandikwa kwenye kitambaa, na nadhani ni uamuzi bora kuliko yote niliyoufanya humo. Mnunuzi wa khanga hatafuti "khanga nyekundu ya maua". Anatafuta la kusema. Anataka ya kumpa mkwe, au ya kumtupia jirani. Akifungua katalogi anakuta maneno yamepangwa moja chini ya jingine, anasoma, anacheka, ananitumia tatu anazozitaka. Wengine wanaingia kusoma tu, na siwalaumu.

Bei sasa. Sehemu ya bei kwenye katalogi ni moja, na anayefungua ukurasa wako anaona ileile anayoiona mwenzake. Kariakoo sisi tuna bei ya rejareja, bei ya jumla, na ile ya mtu wa siku nyingi ambayo haitajwi kwa sauti. Ukiweka ya rejareja, mnunuzi wa jumla anaona ghali anapita zake. Ukiweka ya jumla, dada anayetaka doti moja ya kitchen party anakung'ang'ania nayo mpaka mnachukiana. Ukiacha wazi, unarudi kwenye "bei?", "bei dada", "hii sh ngapi", picha kwa picha, usiku na mchana. Watu mitandaoni hutusema sana kwa ile "njoo inbox", wanadhani tunaficha bei ili tumpime mtu usoni. Wapo wanaofanya hivyo, sikatai. Lakini wengi wetu tunakimbia tatizo hili. Mimi naweka ya rejareja, na kwenye maelezo naandika kwamba kuanzia doti kumi tuzungumze.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna programu itakayolitatua: kitambaa kinanunuliwa kwa vidole. Mteja akija dukani hakitazami kitenge kwanza. Anakifikicha, anakikunja kwenye ngumi, anakiachia aone kimejikunja kiasi gani, anageuza upande wa ndani aone kama rangi imepenya. Kwenye simu hayo yote hayapo, na taa ya dukani inaongeza uongo wake: kijani kinageuka buluu, zambarau inakuwa nyeusi. Kwa hiyo picha zangu napiga mlangoni kabla jua halijawa kali, naweka karatasi nyeupe pembeni mwa kitambaa ili mteja aone kamera imeibadili rangi kiasi gani. Kisha narekodi video fupi, mkono wangu unafikicha, unageuza upande wa ndani, namwagia maji kidogo kwenye pembe na kukisugua kwenye kitambaa cheupe. Hiyo video ya maji imeniuzia kuliko picha zote. Picha za rangi ngumu zitume kwa ubora wa HD, la sivyo zinabanwa na nakshi ndogondogo zinafanya ukungu.

Kuhusu matapeli, wenzangu wanajua. "Ile hela itume kwenye namba hii" tumeizoea hadi tunaicheka, lakini skrinishoti ya muamala bado inawaliza watu. Mmoja alinitumia yake: jina sahihi, kiasi sahihi, namba ya muamala ndefu ya kutosha, na boda wake tayari yuko mlangoni ananyoosha mkono. Salio langu lilikuwa palepale. Nikamwandikia nasubiri ujumbe wangu mwenyewe uingie. Tiki zikawa za buluu, picha yake ya wasifu ikapotea, na yule boda, masikini, naye alikuwa hajalipwa. Angalia salio, achana na picha.

Na ujue umejifunga kwa kamba ya mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima duniani kote kwa karibu saa sita, kuanzia jioni kwa saa zetu. Watu tukarudi kwenye meseji za kawaida na kupigiana. Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikakatika, na Afrika Mashariki nzima intaneti ikawa ya kuvuta kwa siku kadhaa. Maandishi yalipita kwa kubahatisha, video ya maji ukaitoe wapi. Ndiyo maana namba za wateja wakubwa zimo pia kwenye daftari, kwa kalamu.

Kuna brodikasti, ule ujumbe mmoja unaotuma kwa watu mpaka 256 kwa mpigo, kila mmoja akaupata kwake peke yake. Sharti lake: unamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Wafanyabiashara wengi wanalilalamikia sharti hili, wanaona linawabana. Mimi nalipenda. Mzigo mpya ukiingia nataka kuwaambia watu waliokwisha kuamua kwamba mimi nimo kwenye simu zao. Kila anayenunua dukani namuomba kwa mdomo anihifadhi kwa jina la duka, nasubiri aandike mbele yangu, ndipo namfungia mzigo wake. Hao ndio wanaorudi. Waliodondoka kutoka kwenye grupu la watu mia nane la "fursa" hununua mara moja, kwa mabishano, na hutowaona tena.

Nyumbani ndiko programu hii imenigharimu. Duka la zamani lilikuwa na kufuli. Hili linaingia nami kitandani. Mteja anaandika saa tano usiku, anaona niko hewani, ananiuliza mbona nimemsoma nikamkalia kimya. Mume wangu naye anaona niko hewani. Nilichofanya ni kuiwekea laini ya duka simu ya pekee, na simu hiyo inalala sebuleni kwenye chaja. Michango ya harusi, vikao vya kamati, misiba, yote iko kwenye laini yangu nyingine, na mtu wa familia akinitafutia mambo hayo kwenye namba ya duka anajibiwa na ule ujumbe wa saa tatu asubuhi kama wateja wengine. Wifi yangu hakufurahi.

Nani aichukue? Mwenye wateja tayari kwenye daftari, anayeuza kitu kinachopigika picha, na ambaye yuko radhi kujibu. Fundi cherehani, muuza vitenge, mama wa keki, sawa kabisa. Anayeanza leo bila mteja hata mmoja atangulie Instagram au akasimame barabarani, aje huku baadaye. Mimi naipa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku katalogi itakaponiruhusu kuweka bei ya jumla isiyoonwa na dada wa doti moja.