Vial kwenye kibodi ya vitufe 42: matabaka manne yanatosha, A iachwe kama ilivyo

Corne ni kibodi ya vipande viwili. Kila kipande kina safu wima sita za vitufe vitatu vitatu, pamoja na vitufe vitatu vya kidole gumba, jumla 42. Hakuna mstari wa namba, hakuna F1 hadi F12, hakuna mishale. Vyote hivyo vinakaa kwenye matabaka, yaani seti za kazi ambazo vitufe vilevile huzipata ukishikilia kitufe maalumu, na wa kuyapanga ni wewe. Vial ni programu ya bure ya kuyapangia, na hapa inapimwa kwa kazi moja tu: kumpatia mtu anayeandika Kiswahili kutwa nzima mpangilio usiomkwaza.

Sifa yake kubwa ni kwamba badiliko linafanya kazi papo hapo. Kwa QMK ya kawaida, programu inayoendesha kibodi kutoka ndani, unaandika faili kwa lugha ya C, unaikompaili, unaiweka kibodi katika hali ya kupokea programu, unapakia, ndipo unagundua kuwa mabano yamekaa kidole kisicho chake. Vial imejengwa juu ya QMK hiyohiyo, ila unabofya kitufe kwenye picha, unachagua kazi mpya chini yake, na kibodi imeshabadilika. Inapatikana kama programu ya kompyuta, au unaweza kufungua vial.rocks kwenye kivinjari chenye WebHID, njia ya ukurasa wa wavuti kuzungumza na kibodi, yaani Chrome na jamaa zake. Ukiwa kwenye Linux ongeza kanuni ya udev, inayoruhusu programu kuifikia kibodi, kwanza, la sivyo programu itafunguka na isione kibodi yoyote.

Matabaka mangapi? Programu dhibiti (firmware, ile inayokaa ndani ya kibodi) nyingi za Vial huja na manne, tabaka la 0 hadi la 3. Kila nafasi ya kitufe hula baiti 2, na kwa kuwa matriki ya Corne, yaani gridi ya nyaya za vitufe, ni ya mistari 8 kwa safu 6, tabaka moja ni baiti 96 na manne ni baiti 384. Kibodi za zamani zenye chipu ya ATmega32U4 zina EEPROM, kumbukumbu ya kuhifadhia mipangilio, ya baiti 1,024 tu, na humo humo lazima viingie makro (mfululizo wa vitufe uliorekodiwa), Tap Dance (kitufe chenye kazi kadhaa) na Combos. Ndiyo maana kwenye chipu hiyo nafasi za ziada huwa chache. Kama bado hujanunua, chukua yenye chipu ya RP2040 na usahau hesabu hizi.

Manne yanatosha kabisa, mradi vitufe vya kuyafungulia vikae mahali pazuri. Kwenye kila kipande, kitufe cha gumba cha katikati ndicho kinachofikika bila kukunja kidole. Weka hapo, kushoto na kulia, vile viwili ambavyo Vial imeviandika Fn1 na Fn2 vikiwa na Fn3 ndani yake. Ukishikilia cha kushoto unapata tabaka la 1, cha kulia la 2, vyote kwa pamoja la 3. Kitufe cha nafasi (Space) kiache gumba la kushoto upande wa ndani, na usikifanye kiwe mlango wa tabaka. Kitufe chenye kazi mbili hutoa herufi unapokiachia, si unapokigonga. Kwa hiyo mtu anayeanza neno kabla gumba halijanyanyuka atapata mshale mahali pa nafasi na herufi, hasa akiwa amewasha Hold On Other Key Press, inayohesabu kushikilia mara tu kitufe kingine kinapobonyezwa.

Tabaka la 1 ni la kutembea ndani ya maandishi. Gumba la kushoto limeshikilia, mkono wa kulia unafanya kazi: I ni mshale wa juu, J kushoto, K chini, L kulia, U ni Home, O ni End, Y na H ni kurasa juu na chini. Mkono wa kushoto, kwenye A S D F, weka Gui (kitufe cha Windows), Alt, Shift na Ctrl vitupu, visivyo na kazi ya pili. Ukitaka kuchagua neno zima lililo nyuma, shikilia gumba, bonyeza D na F, kisha J. Hakuna milisekunde ya kusubiri hapo, kwa sababu kibodi haina cha kukisia.

Tabaka la 2 ni la namba, mkono wa kushoto: W E R ni 7 8 9, S D F ni 4 5 6, X C V ni 1 2 3, na A ni 0. T iwe @, kwa ajili ya barua pepe. Kulia panga mabano: J na K za mviringo, U na I za mraba, N na M zile za mawimbi. Alama zilizobaki zipange kadiri unavyozitumia. Koma, nukta, mkwaju na kitufe cha nafasi viache na alama ya ▽, maana yake kitufe kinaazima kazi ya tabaka la chini. Hapo unaandika 3,500 au tarehe nzima bila kuachia gumba. Shift ya pembeni nayo iwe ▽, ili Shift na 1 vitoe alama ya mshangao. Hata kile kitufe unachokishikilia kuingia tabaka, mahali pake kwenye tabaka hilo paachwe ▽. Ukipaweka kazi nyingine unakaribisha hali ya kibodi kung'ang'ania tabaka baada ya kidole kuondoka. Tabaka la 3 halina utata: F1 mahali pa 1, F2 mahali pa 2, na kuendelea, sauti, pamoja na QK_BOOT, kinachoiweka kibodi katika hali ya kupokea programu, kwenye kona isiyoguswa kwa bahati mbaya.

Sasa A. Maelekezo mengi ya kibodi hizi yanakuambia uweke vitufe saidizi (Ctrl, Shift, Alt na Gui) kwenye mstari wa kati: ukigonga A unapata a, ukiishikilia unapata Gui. Kwa Kiswahili ushauri huu una kasoro ya msingi. A ndiyo herufi inayoongoza kwa wingi katika maandishi yetu, imo karibu kila silabi ya pili, na kwenye QWERTY iko chini ya kidole cha mwisho cha kushoto, ambacho kwa watu wengi ndicho kizito kunyanyuka. Kitufe kinachogongwa kuliko vyote kinapewa kazi ya kubahatisha.

Muda wa kutofautisha kugonga na kushikilia kwenye QMK ni milisekunde 200 kama hukuubadilisha. Ukiwasha Permissive Hold, kitufe kingine kikibonyezwa na kuachiwa kabla A haijaachiwa, kibodi inahesabu kuwa umeshikilia, hata kama milisekunde 200 hazijafika. Mwandishi wa kasi hufanya hivyo bila kujua. Kwenye Windows matokeo yake yanaonekana mara moja: andika "mara" na dirisha la Run linafunguka, andika "adabu" na madirisha yote yanajificha, andika "mwalimu" na kompyuta inajifunga kwa sababu Gui na L ndiyo amri ya kufunga.

Kuna dawa, ila kila moja ina mpaka wake. Ukipandisha muda hadi 250 makosa yanapungua, lakini amri zako halisi zinaanza kuchelewa. Chordal Hold, iliyoingia QMK mwaka 2025, inasema vitufe viwili vya mkono mmoja vihesabiwe kuwa vimegongwa. Hiyo inaokoa "mara" na "adabu", kwa kuwa R na D ziko kushoto pamoja na A. Haiokoi "mwalimu", maana L iko kulia. Flow Tap, iliyoingia mwaka huohuo, inatazama kasi: kitufe kikifuata kingine ndani ya muda mfupi, milisekunde 150 hivi, kinahesabiwa kugongwa. Hiyo inaiokoa "mwalimu", lakini ukitulia kidogo kisha ukaanza sentensi kwa "alisema", hakuna kasi ya kutazama na umerudi palepale. Angalia ukurasa wa QMK Settings ndani ya Vial. Kama mipangilio hiyo miwili haionekani, basi programu dhibiti uliyonayo haina, na hakuna cha kubofya kitakachoileta.

Njia iliyo safi ni kutoweka chochote kwenye A. Vitufe saidizi vya mstari wa kati vinawafaa watu wa vitufe 34 au 36, ambao hawana safu ya pembeni. Wewe una Ctrl na Shift pembeni mwa A na Z, una Gui gumba la kushoto upande wa nje na Alt upande wa kulia, na vyote vinne viko tena kwenye tabaka la 1. Huna upungufu wa kuuziba.

Jambo la pili la Kiswahili ni ng'. Alama ya ritifaa isiende tabaka lolote. Kwenye mpangilio wa kawaida wa Corne iko safu ya nje kulia, na nukta mkato imekalia nafasi nzuri chini ya kidole cha mwisho. Zibadilishane. Ng'ombe, ng'oa na ng'ara zitakushukuru, na nukta mkato haina haraka.

Combos, yaani vitufe viwili vinavyobonyezwa pamoja kutoa cha tatu, vina muda wa milisekunde 50. Epuka jozi za mstari wa juu kulia. U, I na O zimepangana, na Kiswahili kimejaa irabu zinazofuatana: kuishi, kimbilio, kuoa. W na E nazo hapana. J na K ni jozi nzuri ya Esc kwani hazifuatani katika neno, na X na C ni salama zaidi kwa sababu X hatuitumii kabisa.

Pale Vial inapochosha ni kwenye alama zinazohitaji Shift. Kitufe cha kugonga-na-kushikilia hupokea herufi za msingi tu. Ukilazimisha alama ya mshangao iwe na kazi ya pili, utapata 1. Njia ya kuzunguka ipo kwenye ukurasa wa Tap Dance, ambako kuna sehemu ya kugonga, ya kushikilia na ya kugonga mara mbili, kila moja ikipokea chochote. Ukurasa wa Key Overrides, wa kubadili kazi ya kitufe kikibonyezwa pamoja na kingine, nao ni mzuri: Shift na Backspace iwe Delete, na kitufe kizima kimeokolewa. Matabaka hayapewi majina, ni namba tu, jambo la kijinga kwa programu iliyokomaa hivi. Na kabla ya kuhariri makro au kutumia Matrix Tester, ukurasa wa kupima kama kila kitufe kinafanya kazi, utatakiwa kushikilia vitufe fulani hadi mstari ujae. Ni ulinzi dhidi ya programu nyingine kuichezea kibodi yako, hivyo uvumilie.

Alama zikitoka sizo, usiilaumu Vial kwanza. Kibodi hutuma namba za nafasi, kompyuta ndiyo inayochagua herufi. Mfumo ukiwa umewekwa Kiingereza cha Uingereza badala ya cha Marekani, @ na alama ya kunukuu hubadilishana mahali.

Upande wa vifaa, usichomeke wala kuchomoa waya wa TRRS unaounganisha vipande viwili wakati USB imechomekwa: ncha yake hugusanisha umeme na data inapopita, na chipu inaweza kuungua. USB iingie kipande cha kushoto, isipokuwa kama programu dhibiti imepangwa vingine. Ukiichomeka kulia herufi zinageuka pande.

Anayetumia Corne isiyo na waya inayoendeshwa na ZMK, programu dhibiti nyingine isiyo QMK, Vial haimhusu. Atazame ZMK Studio. Wa waya, hifadhi mpangilio kama faili la .vil kabla ya kupakia programu dhibiti mpya, kwa sababu upakiaji unaweza kufuta EEPROM na kukurudishia mpangilio wa kiwandani. Faili hilo ni la kibodi hiyo, usitegemee litafunguka kwenye ya aina nyingine.