Utepe wa butili wa kuzibia paa: unafaa, kwa anayewahi

Utepe huu nimeutumia kwenye paa la mabati kwa misimu kadhaa ya mvua, kwa hiyo nauzungumzia nikiwa nimeuona kiangazi na masika. Ni ule mzito, mweusi, wa butili (aina ya mpira wa kunata), unaonata upande mmoja na wenye alumini inayong'aa upande wa pili. Boksi linaahidi kwamba ukibandika tu, kazi imekwisha. Kwangu ilikwisha upande mmoja wa nyumba. Upande mwingine haikuanza hata kidogo.

Paa lilikuwa linavuja chumbani na kibarazani. Chumbani lilikuwa doa jipya la kahawia kwenye dari. Nilipanda darini mchana na tochi, maana doa mara nyingi halikai chini ya tundu: maji yakishapenya hufuata kenchi au papi (mbao zinazoshikilia bati) mpaka yapate pa kudondokea. Alama ya unyevu ilinipeleka hadi kwenye skrubu moja karibu na kofia ya paa, lile bati la kufunika kilele. Kipira chake kilikuwa kimekaushwa na jua kikapasuka. Bati hutanuka mchana na kunywea usiku, na mchezo huo wa kila siku hulegeza skrubu hata kama fundi alifunga vizuri. Nikaweka skrubu mpya, nikaifunika kwa utepe. Tangu hapo, kukavu.

Utepe hushika kadiri ulivyoandaa bati. Sugua kutu na vumbi kwa brashi ya waya, futa kwa kitambaa chenye spiriti, subiri pakauke kabisa. Kata pembe za kipande kwa mkasi ziwe za mviringo, kwani pembe kali ndizo hubanduka kwanza. Gandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni. Kwenye maungio marefu anzia chini kupanda juu, kipande cha juu kilalie cha chini, kama mabati yenyewe yanavyolaliana. Karatasi ya nyuma ina ukaidi wake, na jua la adhuhuri hufanya gundi iwe laini hadi ikachafua mikono, kwa hiyo kazi hii ni ya asubuhi umande ukishakauka.

Jambo moja lilinikera, ingawa utepe hauna kosa. Aliyepita kabla yangu alimwaga silikoni kwenye maungio, ile yenye harufu ya siki. Silikoni ya aina hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula zinki ya bati. Zaidi ya hayo, utepe haushiki juu ya silikoni. Kuikwangua kulinichosha kuliko kazi nyingine zote.

Sasa kibarazani. Nyumba hii nimeinunua, na hapo palikuwa panatona tangu enzi za mwenyewe wa awali. Tundu halikuwa kubwa kuliko la chumbani. Lakini nilipogusa skrubu ilizunguka tu bila kushika, kwa sababu papi chini yake ilikuwa imeoza. Fangasi wa kuozesha mbao wanahitaji unyevu, na unyevu wa ubao ukibaki chini ya takribani asilimia 20 hawana nafasi. Huu ulikuwa umelowa msimu baada ya msimu. Jipsamu ya dari ilikuwa imelainika, na kiungio cha waya wa taa kimeshika kutu, jambo lililonitisha kuliko dari yenyewe. Hapo utepe ungefunika tundu huku bati likiwa halijashikiliwa na kitu. Ikabidi kubadili papi, mabati, dari na waya, kazi ya mafundi wa fani tofauti kwa tundu la skrubu moja.

Wengi wanangoja kiangazi, na kiangazi kikija hapavuji, basi habari inaishia hapo. Ukungu hausubiri hivyo: kwenye kitu kilicholowa unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Mimi sasa hupanda darini baada ya mvua kubwa ya kwanza, na utepe uko tayari kivulini.

Nautolea nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeiondoa kwa sababu maelekezo ya kwenye boksi hayasemi popote kwamba uchunguze mbao za chini kabla ya kubandika, na aliyefunika papi mbovu kwa alumini inayong'aa hatajua mpaka bati lipeperuke.